Jini wa mashairi, jeni za mjomba

"Ticha, umesema jini au jeni?"

Swali lilitoka viti vya nyuma vya Kosta. Tulikuwa tumeshaiacha Iringa mjini tumeshika barabara ya Mbeya, wanafunzi 34 wa kidato cha tano wamebanana kwenye viti vya watu 28, nami nimesimama mlangoni kama konda, nikiwaeleza kwa Kiswahili mambo ambayo darasani nalazimika kuyasema kwa Kiingereza. Nilikuwa nasema kwamba watu wenye vipaji vya kupindukia wamewasumbua sana wataalamu wa mageuko, na kwamba kuzisaka jeni za vipaji hivyo, zile chembe za urithi tunazopewa na wazazi, ni kazi ngumu. Yule binti akasikia majini. Gari zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila nilikuwa namkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu. Yeye angemjibu binti yule papo hapo: jini.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani Pangani, kwenye baraza iliyo hatua chache kutoka kivuko cha kwendea Bweni. Alishona kanzu, sare za shule, mapazia, chochote alicholetewa. Lakini mji ulimjua kwa mashairi. Aliyatuma kwenye magazeti yaliyokuwa na ukurasa wa mashairi, na shairi likitoka, gazeti lilibandikwa ukutani juu ya cherehani mpaka likawa na rangi ya chai. Meza yake ya kukatia ndiyo iliyonishangaza nilipokuwa mdogo. Ukifika asubuhi unakuta maneno ya chaki yamepangwa wima kama ndoo za foleni ya maji: njema, lawama, huruma, tuhuma, salama, nyuma. Hiyo ilikuwa akiba yake ya vina. Mteja aliyeleta kitambaa cheupe alikuwa na hatari ya kukirudisha nyumbani kimeandikwa "huruma" mgongoni.

Bibi alisema mwanawe alipandwa na jini akiwa mtoto, siku aliyolala adhuhuri chini ya mkwaju. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa alimfukizia ubani. Hakuwa akimtoa jini, alikuwa akimbembeleza akae. "Jini mwenye adabu hapungwi," alikuwa akisema.

Nilipofika chuo kikuu nikagundua kwamba bibi alikuwa na mwenzake Mwingereza. Alfred Russel Wallace ndiye aliyeifikia nadharia ya uteuzi asilia, yaani viumbe wenye sifa zinazowafaa huishi na kuzaa zaidi, kivyake wakati Darwin bado anayakalia maandishi yake. Kazi za wote wawili zilisomwa pamoja London mwaka 1858. Basi mwaka 1869 Wallace akaandika makala akasema uteuzi asilia, mtoto wao yeye na Darwin, hauwezi kueleza akili ya binadamu: hesabu, muziki, sanaa. Hoja yake si ya kubezwa. Uteuzi asilia humpa kiumbe kinachomfaa leo, haumwekei akiba ya kesho. Mtu anayewinda na kuchimba mizizi ana ubongo uleule wa anayetunga muziki wa vinanda mia. Huo uwezo wa ziada ulitoka wapi kabla haujahitajika? Wallace, ambaye miaka hiyo alikuwa amekwishaanza kuhudhuria vikao vya kuita mizimu, akaona lazima kuna nguvu yenye akili ya juu zaidi iliyotia mkono. Darwin kwenye nakala yake aliandika pembeni neno moja, "Hapana", akalipigia mistari mitatu na alama za mshangao. Alikuwa pia amemwandikia kwamba anatumaini hatakuwa amemuua kabisa mtoto wao.

Yaani Wallace alisema jini, Darwin akasema hapana. Halafu Darwin akabaki na deni la kueleza, na deni hilo ndilo nililokuwa nalipeleka Isimila na Kosta ya kukodi.

Kama hujafika Isimila, ni korongo kavu kilometa kama 20 kutoka Iringa mjini, lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Watalii huja kupiga picha nguzo. Mimi nawapeleka wanafunzi kwenye mawe. Yamejaa pale mashoka ya mkono, yamechongwa pande zote mbili mpaka yakapata umbo la tone la maji, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Yapo ya kuenea kiganjani. Yapo mengine yanayozidi sentimita 30, mazito kiasi kwamba ukilishika kwa mkono mmoja unajiuliza mwenyewe alilifanyia kazi gani.

Nikawaacha wayatazame, kisha nikawapa jambo ambalo hunitia butwaa kila mwaka. Mashoka ya zamani kabisa ya jamii hii yalipatikana Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana, nayo yana umri wa miaka milioni 1.76. Toka pale hadi Isimila ni miaka milioni moja na nusu, na wazo ni lilelile. Ndiyo, ya baadaye ni membamba zaidi, kingo zimenyooka zaidi, mkono umekuwa mwepesi. Lakini fikiria ukoo wa mafundi wanaoshona kanzu ileile kwa miaka milioni moja na nusu, na katika wote hao asitokee hata mmoja wa kuwaza mfuko.

Ufundi walikuwa nao. Jaribu mwenyewe kuchonga jiwe la namna ile uone. Mimi nilijaribu nikaishia kupata kidonda cha kidole gumba. Kilichokosekana ni kile alichokuwa nacho mjomba, ule upotovu wa kuona jambo lililo sawa na bado kutaka kulibadilisha.

Kuna maelezo maarufu kuhusu yale mashoka makubwa yasiyo na kazi, na wanafunzi huyapenda. Mwaka 1999 Marek Kohn na Steven Mithen walipendekeza kwamba shoka zuri lilikuwa kama mkia wa tausi. Mkia ule haumsaidii tausi kuruka wala kula, unamwelemea tu, ila tetea wa tausi akiuona anajua dume huyu ana afya ya kubeba mzigo usio na maana. Darwin alishasema mwaka 1871 kwamba uzuri wa aina hii hutokana na majike kuchagua. Amotz Zahavi akaongeza mwaka 1975 kwamba gharama yenyewe ndiyo ushahidi. Na mwaka 2000 Geoffrey Miller akaunyoosha uzi huo hadi kwa binadamu wa leo: nyimbo, mashairi, vichekesho, michoro, vyote ni mkia wa tausi uliohamia ndani ya fuvu.

"Kwa hiyo Ticha, jamaa alichonga hili dude ili apate demu?" aliuliza kijana mmoja, kisha akajirekebisha, "samahani, mchumba."

Ndivyo wanavyosema, nikamjibu. Wasichana wakataka kujua kama na wao wanachonga. Swali zuri hilo, na ndipo nadharia inapoanza kuchechemea, kwa sababu hakuna ajuaye mashoka yale yalichongwa na wanaume au wanawake, na vipaji vya watu havikugawanywa kama mikia ya tausi, dume anao na jike hana.

Mimi nina pingamizi la nyumbani. Mjomba hakuoa. Wasichana wa Pangani walizikariri beti zake, wakaziimba wakisuka nywele, kisha wakaolewa na wavuvi na makarani wa katani. Kwa hesabu ya mageuko aliondoka sifuri. Wala hayuko peke yake. Newton hakuacha mtoto, Leonardo da Vinci hakuacha, Beethoven hakuacha. Johann Sebastian Bach alipata watoto 20, kumi wakafika utu uzima, na baadhi yao wakawa watunzi wazuri wa muziki, lakini kwa kila Bach unaweza kunihesabia Newton wawili.

Mtu atasema: subiri, mjomba alikusomesha wewe. Kweli. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye sare za watoto wa wenzake. William Hamilton alionyesha mwaka 1964 jinsi jeni zinavyoweza kunufaika kwa kupitia ndugu, na mpwa hushiriki na mjomba wake kama robo ya jeni. Nami ni robo hiyo inayoandika hapa. Tatizo ni kwamba karo ililipwa na cherehani. Mashairi yalichelewesha sare.

Ya wazimu nitayapitia haraka, maana watu huyapenda kuliko yanavyostahili. Dhana kwamba kipaji ni jirani wa maradhi ya akili ni ya zamani sana. Mwaka 2015 watafiti waliangalia jeni za Waaislandi zaidi ya 86,000, wakaona jeni zinazoongeza kidogo hatari ya skizofrenia na ya ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia zimezidi kidogo kwa watu wa sanaa. Neno la kushika hapo ni "kidogo": kilichoelezwa ni chini ya asilimia moja ya tofauti kati ya watu. Kutoka hapo hadi kusema mshairi ni nusu kichaa ni mbali kuliko Iringa na Pangani. Mjomba alikuwa na akili timamu kushinda wateja wake wote, na hesabu ya madeni yao aliiweka kichwani.

Linalonivutia zaidi ni lile alilolieleza David Lykken mwaka 1992, kwamba baadhi ya sifa hazitokani na jeni moja moja kujumlishana, zinatokana na jeni nyingi kukutana kwa mpangilio fulani. Fikiria pilau. Bizari nzima peke yake, iliki peke yake, mdalasini peke yake, hakuna hata kimoja kinachokupa robo ya pilau. Vikutane vyote kwa kadiri yake ndipo nyumba ya tatu wanajua unapika nini. Sasa mzazi humpa mtoto nusu tu ya viungo, vilivyochotwa bila kuangalia, na nusu nyingine hutoka jiko jingine. Ndiyo maana kipaji kikubwa kinaweza kuwa cha damu kabisa na bado kisionekane kwa baba wala kwa mwana. Francis Galton, binamu yake Darwin, aliandika mwaka 1869 akihesabu ndugu wa watu mashuhuri ili aonyeshe kwamba ubingwa unarithiwa, na hakujali sana kwamba mtoto wa jaji Mwingereza anarithi pia jina, shule na marafiki wa babake. Wanafunzi wangu waliligundua kosa hilo kwa dakika mbili. Wengi wao ni watoto wa wakulima, hawahitaji kuelezwa.

Pamoja na hayo yote, pilau haimwelezi mjomba. Inaniambia tu kwa nini simfanani.

Nilimtazama akitunga kwa miaka mingi, na nilichokiona hakikuwa kushukiwa na kitu. Alikuwa mfutaji. Aliandika neno kwa chaki, akalisoma kwa sauti akigonga mizani kwa kidole, minane, minane, akatikisa kichwa, akafuta kwa kiganja. Akaandika jingine, akafuta. Ikifika Alasiri kiganja chake kilikuwa cheupe kama cha mkanda ngano, na mezani pamebaki mshororo mmoja. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell aliandika kwamba ndivyo fikra mpya zinavyozaliwa: kichwa hurusha vipande bila kujua kipi kitafaa, kisha huchuja na kuhifadhi. Ni uteuzi asilia uleule, ila unaofanyika ndani ya mtu mmoja kwa alasiri moja. Dean Keith Simonton baadaye akahesabu kazi za watunzi na wanasayansi wakubwa, akaona kwamba wenye kazi bora nyingi ndio pia wenye kazi mbovu nyingi. Edison, yule mvumbuzi, alikuwa na hataza 1,093 za Marekani, yaani hati za kumiliki uvumbuzi. Jaribu kutaja kumi. Nilipolisoma hilo nilikiona kile kiganja.

Lakini nani alimfundisha kufuta? Hapo ndipo mimi naachana na tausi na majini kwa pamoja.

Kule Olorgesailie, kusini mwa Kenya, wachimbaji waliona mashoka makubwa yakipotea na, ikifika miaka 320,000 iliyopita, mahali pake pameshikwa na ncha ndogo za mawe zilizotengenezwa kwa mtindo mpya. Wakakuta na mawe ya rangi, yakiwamo ya ngeu, ile rangi nyekundu ya udongo. Na wakakuta obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kipande cha chupa, ambalo halipatikani pale. Lilitoka kilometa 25, 50, na zaidi. Kilometa 50 kwa miguu, katika nchi ya simba, si mbali kidogo. Ama mtu alikwenda akarudi, ama lilipita mkono kwa mkono kwa watu waliojuana. Ukiziamini tarehe zote mbili, Isimila walikuwa bado wanachonga tone la maji wakati Olorgesailie wamekwisha kuliacha. Sidhani watu wa Isimila walikuwa wajinga. Nadhani hawakuwa na wageni.

Zamani tulifundishwa kwamba akili ya kisasa iliwaka ghafla kama taa miaka 40,000 au 50,000 iliyopita, labda kwa badiliko moja la jeni. Siwafundishi tena hivyo. Kule Blombos, Afrika Kusini, kuna vipande vya ngeu vilivyochorwa mistari ya kupishana kabla ya hapo kwa zaidi ya miaka 20,000, na kwenye pango la Panga ya Saidi, upande wa Kilifi, kuna mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyezikwa kwa uangalifu miaka 78,000 iliyopita. Taa iliwaka, ikazimika, ikawaka pengine. Watafiti watatu wa London walionyesha mwaka 2009, kwa hesabu za kompyuta, kwamba idadi ya watu na kutembeleana kwao vinaweza kutosha kueleza kuwaka na kuzimika huko bila kuhitaji ubongo mpya. Joseph Henrich alishatoa mfano wa kinyume: Tasmania, kusini mwa Australia, ilikatwa na bahari miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, watu elfu chache wakabaki peke yao, na kwa maoni yake hiyo ndiyo sababu zana za mifupa zilizokuwapo zikaja kusahaulika. Wapo wanaompinga kwa hoja za baridi na chakula. Wapingane. Mimi nimekulia kwenye baraza ya fundi, najua maneno mangapi ya mjomba yaliletwa na kivuko.

Mtazame Muyaka wa Mombasa, aliyezaliwa karibu na 1776 akafa 1840. Tunamwita bingwa, na ni bingwa, ila nusu ya moto wake ulitoka Lamu, kwa watu kama Zahidi Mngumi waliomrushia beti naye akazirudisha, wakati miji hiyo miwili haipikiki chungu kimoja. Na alipokufa, beti zake zilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya miaka mingi baadaye na William Taylor, mmisionari, akaziandika. Kitabu kikaja kuchapwa 1940. Miaka 100 kamili ubingwa wa mtu mmoja ulikuwa unaishi kwa kumbukumbu za wengine, na ni nani atakayeapa kwamba hawakunyoosha mshororo hapa na pale?

Nasema hivyo kwa sababu ya shairi la kanzu.

Ndilo shairi la mjomba lililojulikana kuliko yote. Lilitoka gazetini nikiwa darasa la sita, na ukutani pale juu ya cherehani lilikuwa linaanza hivi:

Nimeshona kanzu njema, mwenyewe hajazaliwa

Watu walijua anasema nini, mtu asiye na mtoto, wakanyamaza kwa heshima. Mimi nililikariri hivyo na hivyo ndivyo nililisema siku ya arobaini yake, nimesimama uani mbele ya jamaa na majirani. Nilipomaliza mshororo wa kwanza, mama mmoja muuza vitumbua, aliyekaa jirani na ile baraza kwa miaka zaidi ya 30 na ambaye kusoma hakujui, akanikatiza kwa upole. "Sivyo, mwanangu," akasema. "Ni hivi." Akasema:

Ninapima kanzu njema, mwenyewe hajazaliwa

Nikataka kumsahihisha. Mimi ni mwalimu, na gazeti nimelikariri. Halafu nikalisikia. Kushona kanzu ya asiyekuwapo mtu yeyote aweza. Ni kitambaa na uzi tu. Lakini kumpima? Unashika futi, unainyoosha hewani, bega hadi bega, na hapana bega. Neno moja, mizani ileile minne, na shairi zima limehama kutoka huzuni ya kawaida kwenda mahali ambapo mjomba wangu hakuwa amefika.

Usiku ule, wageni walipoondoka, nikalifungua sanduku lake na kulitoa daftari, nikalitafuta la kanzu. Kwa wino wa bluu ameandika "Nimeshona". Juu yake, kwa kalamu ya risasi, kaliondoa kwa mstari mmoja na kuandika "Ninapima", na pembeni, kwa herufi ndogo, ameweka jina la yule mama.